Nebraska: Mila au Mabadiliko? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukihamia Lincoln au Omaha, hutamaliza mwezi kabla jirani, mfanyakazi mwenzako au muuza duka hajakuuliza unaionaje timu. Hapo ndipo wengi wetu tunaozungumza Kiswahili hukwama, kwa sababu timu yenyewe ni ya chuo kikuu, mchezo wenyewe si kandanda tunayoijua, na ubishi kati ya wanaolilia enzi ya mila na wanaotaka mabadiliko umeanza miaka ishirini na zaidi kabla hatujafika. Haya ni maswali ninayoulizwa na ndugu na marafiki. Ninajibu kama shabiki. Nina upande wangu, na sitauficha.

Iweje timu ya wanafunzi iliumize kichwa jimbo zima?

Nebraska haina timu ya kulipwa katika ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Jimbo lina watu wapatao milioni mbili, mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, na timu moja kubwa ya futiboli: Cornhuskers ya Chuo Kikuu cha Nebraska, yaani wamenya mahindi. Uwanja wao, Memorial Stadium, ulifunguliwa 1923 na huingiza zaidi ya watu 85,000. Jumamosi ya mechi uwanja huo huwa kama mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo, baada ya Omaha na Lincoln yenyewe. Mkulima anayeishi saa sita kwa gari anapanga mavuno yake akitazama ratiba ya mechi. Timu ikifungwa, Jumatatu unaiona kwenye nyuso za watu.

Enzi wanayoililia ilikuwaje hasa?

Kocha Bob Devaney alikuja 1962 akitokea Wyoming, akaikuta timu dhaifu, akaipa ubingwa wa taifa wa 1970 na 1971. Msaidizi wake, Tom Osborne, alishika usukani 1973 akaushikilia hadi 1997. Rekodi yake ni ushindi 255, vipigo 49 na sare 3. Hakuna msimu hata mmoja aliomaliza na ushindi pungufu ya tisa. Alichukua ubingwa wa 1994, 1995 na 1997, huo wa mwisho ukigawanywa na Michigan. Katika misimu yake mitano ya mwisho timu ilishinda mechi 60 na kupoteza tatu tu.

Nyuma ya namba hizo kuna jambo jingine linalowafanya wazee hapa wabadilike sauti wakimtaja. Januari 1984, katika Orange Bowl, moja ya mechi kubwa za baada ya msimu, dhidi ya Miami, Nebraska walikuwa nyuma kwa 31 kwa 30 zikiwa zimesalia sekunde chache. Teke moja jepesi lingeleta sare, na kwa hesabu za wakati huo sare ingetosha kuwapa ubingwa. Osborne alikataa sare. Akaamuru vijana wajaribu kuuingiza mpira kwa pointi mbili. Pasi iliguswa na mlinzi, ikaanguka, ubingwa ukaenda Miami. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na bado wapo watu hapa wanaojivunia kipigo hicho kuliko baadhi ya mataji.

Basi hiyo "mila" ni kitu gani? Kila mtu anaitaja, hakuna anayeieleza.

Ni kweli, na nusu ya ugomvi hutokana na hilo. Wapo ambao mila kwao ni mtindo wa uchezaji: mpira wa ardhini, watu wazito mstari wa mbele, na ule mfumo wa opsheni ambamo kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, anakimbia kuelekea pembeni akimsoma mlinzi mmoja. Mlinzi akimvaa yeye, anamtupia mwenzake; mlinzi akimfuata mwenzake, anakata ndani na mpira wake mwenyewe. Ukichezwa vizuri ni mtamu kuutazama.

Wengine mila kwao ni alama: fulana nyeusi za mazoezini wanazopewa mabeki walioiva, zilizoanza miaka ya 1960 na kuwapa jina la Blackshirts; kutoka kwa timu kupitia handaki huku uwanja ukitetemeka; maputo mekundu yaliyokuwa yakipaa pointi za kwanza zilipopatikana.

Kwangu mimi mila iko kwenye utaratibu wa kazi. Nebraska walimwajiri Boyd Epley 1969 kusimamia mazoezi ya vyuma wakati makocha wengi Marekani waliamini vyuma humfanya mchezaji kuwa mzito. Waliwachukua vijana wa vijijini wasio na ufadhili wa masomo, wakawanenepesha na kuwafundisha miaka mitatu, minne, kisha wakawaingiza uwanjani wakiwa wanaume. Makocha wasaidizi walikaa pamoja miongo. Hayo huyaoni kwenye luninga, na ndiyo yaliyoshinda mechi.

Kwa hiyo Osborne hakuwahi kubadilika?

Alibadilika sana, na hapa ndipo huwa nawaomba wapenzi wa mila wanisikilize kidogo.

Opsheni hakuirithi kwa Devaney. Miaka yake ya kwanza alipenda zaidi kurusha mpira. Oklahoma ya Barry Switzer ilikuwa ikimchapa karibu kila mwaka kwa makwotabeki wenye mbio, naye akaona bora ajenge silaha ileile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 likaja tatizo jingine: timu ilipoteza mechi saba mfululizo za baada ya msimu, nyingi dhidi ya timu za Florida zenye kasi kuliko wao. Mashabiki wakaanza kunung'unika kwamba mzee amepitwa na wakati. Osborne akaubadilisha mfumo wa ulinzi, akaweka wepesi mbele ya uzito, akatafuta vijana wenye mbio mbali na nyumbani. Mataji ya miaka ya 1990 yalitokana na mabadiliko hayo.

Kinacholiliwa leo kama mila kiliwahi kuwa kitu kipya, na wapo waliokipinga kilipoingia. Tofauti ni kwamba aliyebadilisha alikuwa mtu yuleyule, na wasaidizi walewale, akikata tawi bila kung'oa mti.

Pia tusimgeuze malaika. Mwaka 1995 Lawrence Phillips, mkimbiaji wake bora, alimshambulia binti aliyekuwa mpenzi wake. Osborne alimsimamisha, kisha akamrudisha uwanjani kabla msimu haujaisha. Alisema kijana huyo alihitaji mpangilio ambao timu ingempa. Mimi naamini alikosea, na anayeililia enzi ile lazima aibebe na sehemu hii.

Mambo yaliharibika lini?

Ukiuliza watu kumi utapata tarehe kumi. Mimi nasema Novemba 2003.

Frank Solich, msaidizi wa miaka mingi, alimrithi Osborne 1998. Alitwaa ubingwa wa ligi ya Big 12 mwaka 1999, na hadi leo Nebraska hawajapata mwingine wa ligi yoyote. Kwotabeki wake Eric Crouch alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2001. Lakini mwaka huohuo Colorado waliwatandika 62 kwa 36, kisha Miami wakawafunga 37 kwa 14 kwenye fainali ya taifa, na 2002 wakamaliza na ushindi saba na vipigo saba. Mwaka uliofuata Solich alirekebisha, akashinda tisa na kupoteza tatu. Mkurugenzi wa michezo, Steve Pederson, akamfuta kazi hivyohivyo, akisema hatakubali timu itelemke kuwa ya kawaida wala kuwaachia Oklahoma na Texas ligi yao.

Kufukuza kocha mwenye ushindi tisa kwa kuogopa kuwa wa kawaida! Tangu 2017, ushindi tisa umekuwa ndoto.

Je, ni Bill Callahan aliyeiua timu?

Jibu la mtaani ni ndiyo. La kwangu: alipewa shoka na kuambiwa akate. Alimrithi Solich akitoka Oakland Raiders, timu ya kulipwa aliyoifikisha Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, akaja na mfumo wa pasi wenye kitabu kinene cha mbinu. Kikosi alichokikuta kilikuwa cha opsheni. Mwaka 2004 Texas Tech waliwafunga 70 kwa 10, msimu ukaisha kwa ushindi tano na vipigo sita. Ulikuwa msimu wa kwanza wa hasara tangu 1961, na timu ikakosa mechi ya baada ya msimu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 35 mfululizo. Mwaka 2007 Kansas wakawatia 76. Kansas! Watu walitoka uwanjani kama wanatoka msibani.

Kosa la Callahan halikuwa pasi. Timu nyingi zimeshinda kwa pasi. Kosa lilikuwa kufika mahali penye miaka arobaini ya ujuzi na kuona hapana cha kujifunza.

Bo Pelini alishinda angalau mechi tisa kila mwaka. Kwa nini naye aliondoka?

Hili ndilo swali linalowasha moto kuliko yote. Pelini, aliyemfuata Callahan, alikaa misimu saba, 2008 hadi 2014: ushindi 66, vipigo 27. Wanaomtetea wanataja namba hizo. Waliomchoka wanataja Wisconsin: 70 kwa 31 katika fainali ya ligi ya 2012, na 59 kwa 24 mwaka 2014, siku ambayo mchezaji mmoja wa wapinzani, Melvin Gordon, alikimbia yadi 408. Mechi kubwa ilipofika, timu ilivunjika. Hasira zake kwa waamuzi, waandishi na hata mashabiki zilimaliza subira ya waajiri.

Nakiri nilikuwa miongoni mwa waliosema aende. Akaja Mike Riley, mtu mpole, akaondoka baada ya misimu mitatu na ushindi 19, vipigo 19. Leo nisingesema vile.

Kuhama ligi kumechangia?

Kumechangia. Mwaka 2011 Nebraska waliihama Big 12 na kujiunga na Big Ten, wakifuata uthabiti na fedha za televisheni. Fedha walizipata. Walichopoteza ni majirani. Mechi yao na Oklahoma ilikuwa roho ya mwaka: ile ya Novemba 25, 1971, siku ya Thanksgiving, walipoishinda Oklahoma 35 kwa 31, inaitwa hadi leo mechi ya karne. Kusema kweli uhusiano huo ulianza kukatika 1996, Big 12 ilipoundwa na timu hizo mbili zikawekwa makundi tofauti, zisikutane kila mwaka. Big Ten ilimalizia tu. Zilikutana tena 2021 na 2022, Oklahoma wakashinda zote mbili, ya pili kwa 49 kwa 14 palepale Lincoln.

Hasara nyingine ni Texas. Timu ilipokuwa ikicheza huko, kijana wa Dallas alijua mama yake atamwona uwanjani. Ukiondoa hilo, unabaki kumshawishi aje kwenye baridi.

Scott Frost alikuwa mwana wa nyumbani. Mbona hata yeye alishindwa?

Hakuna jambo lililowauma watu hapa kama hili. Frost alikulia Wood River, Nebraska. Ndiye kwotabeki wa timu ya ubingwa ya 1997. Mwaka 2017 aliiongoza timu ya UCF, chuo cha Florida, bila kupoteza hata moja ya mechi 13. Aliporudi nyumbani kuifundisha Nebraska kuanzia msimu wa 2018, watu walimpokea kama mwana aliyekwenda ng'ambo akarudi na elimu. Wapenzi wa mila na wapenzi wa mabadiliko wakakubaliana kwa mara ya kwanza: mtu wa zamani mwenye mbinu mpya.

Aliondoka na ushindi 16 na vipigo 31. Msimu wa 2021 sijaona mfano wake: vipigo tisa, vyote kwa tofauti ya pointi tisa au pungufu. Timu haikuwa ikizidiwa nguvu. Ilikuwa ikijikwaa dakika za mwisho, kwa mateke mabovu, mipira iliyodondoshwa na maamuzi ya haraka. Mechi ya kwanza ya 2022, jijini Dublin, walikuwa mbele ya Northwestern 28 kwa 17. Frost akaagiza teke fupi la kushtukiza ili wauwahi mpira wenyewe. Northwestern wakaudaka, wakapata nguvu, wakashinda 31 kwa 28. Wiki mbili baadaye Georgia Southern wakashinda Lincoln, 45 kwa 42, na siku iliyofuata Frost akafutwa kazi. Chuo kingengoja hadi Oktoba mosi, fidia yake ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5. Hawakuweza kungoja.

Somo nililolipata ni kwamba kuzaliwa ndani ya mila hakumfanyi mtu aijue kazi yake. Frost aliirudisha hadithi ya miaka ya 1990. Ule utaratibu wa kila siku, wa kurudia jambo moja mara mia hadi mguu usikosee, haukurudi naye. Tena watu husahau kwamba Frost mwenyewe alianzia Stanford na kuhamia Nebraska 1995. Shujaa wa mila alikuwa mchezaji wa uhamisho.

Ugomvi wa maputo nao ni wa kweli?

Ni wa kweli kabisa. Kwa miongo mingi maelfu ya maputo mekundu yalipaa Nebraska walipopata pointi za kwanza. Mwaka 2022 chuo kilisitisha kwa sababu ya uhaba wa gesi ya heli. Wanaojali mazingira walishukuru, wengine walisikia wameporwa utoto wao. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba wamerekebisha mchoro wa Herbie Husker, mkulima mwenye kofia aliye nembo ya timu: vidole vyake vilikuwa vimefanya ishara ambayo siku hizi watu wengine huihusisha na ubaguzi wa rangi, wakamwonyesha sasa akiinua kidole kimoja. Mimi mtu mweusi ninayeingia uwanja ule na watoto, hilo la kidole sihitaji kulijadili. La maputo nawaelewa waliohuzunika, ila uwanja haujapunguza kelele hata kidogo.

Wachezaji wasio na ufadhili ni nani, na kwa nini wanatajwa sana sasa?

Hili ndilo lingepaswa kujadiliwa kuliko maputo.

Timu ya chuo ilikuwa na ufadhili wa wachezaji 85. Ziada walijilipia karo, wakaja mazoezini kwa mapenzi yao. Vyuo vingi viliwachukulia kama magunia ya kupigia ngumi. Nebraska waliwafanya uti wa mgongo. I. M. Hipp alisafiri kutoka South Carolina bila kuahidiwa chochote, na 1977 akawa mkimbiaji tegemeo. Kutoka Brainard, kijiji kidogo mashariki mwa jimbo, familia ya Makovicka ilitoa ndugu wanne. Mmoja wao, Joel, akafika hadi ligi ya kulipwa. Kikosi kiliwahi kuzidi watu 150, na hivyo wilaya nyingi zilikuwa na vijana wao kwenye timu. Ndiyo sababu jimbo lilisema "sisi" likiitaja.

Sasa sheria zimegeuka. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Uhamisho umekuwa huru. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi iitwayo House, yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na kuweka kikomo cha wachezaji 105 kwa kikosi kimoja cha futiboli. Waliokuwa tayari vikosini waliwekewa msamaha, lakini mlango kwa wanaokuja umekuwa mwembamba.

Vijana kulipwa ni haki. Walijaza viwanja na kuwatajirisha wengine miaka mingi mno. Lakini 105 ni pigo kwa Nebraska kuliko kwa karibu chuo kingine chochote, kwa kuwa silaha yao ilikuwa wingi wa watu na muda wa kuwalea. Hakuna kocha anayeweza kuirudisha ile kama ilivyokuwa.

Mbona uwanja bado unajaa?

Tiketi zimeisha kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 3, 1962. Ni zaidi ya mechi 400 mfululizo. Siku ya kwanza yenyewe walifungwa na Missouri, 16 kwa 7. Miaka ya taabu wafadhili wamenunua tiketi zilizobaki ili mlolongo usikatike, na wapo wanaosema huko ni kujidanganya. Mimi nimekaa nikiganda Novemba, timu ikiwa na ushindi tatu, na viti vilivyonizunguka vilikuwa na watu. Agosti 30, 2023 walihamishia mechi ya voliboli ya wanawake kwenye uwanja huohuo, wakaja watu 92,003. Upendo upo. Tatizo halijawahi kuwa upendo.

Matt Rhule ni wa mila au wa mabadiliko?

Ameajiriwa kuwa kocha Novemba 2022, baada ya Frost, na nadhani amelielewa swali vizuri kuliko waliomtangulia. Alianza na ushindi tano, kisha 2024 akafikisha saba, ikiwemo 20 kwa 15 dhidi ya Boston College uwanjani Yankee Stadium, New York, mechi ya kwanza ya baada ya msimu tangu 2016. Mkataba wake umeongezwa hadi 2032. Ushindi saba haujamshangaza mtu yeyote, na kelele zimeanza tena. Ombi langu kwa wenzangu ni moja: tusimfukuze kwa kuwa wa kawaida. Tumeshalipa bei ya hilo.

Nikipata tiketi, nivae nini na niwe na tabia gani?

Vaa nyekundu. Fika mapema utembee nje ya uwanja, nunua runza, mkate uliojazwa nyama ya kusaga na kabichi, ule ukiwa bado wa moto. Mzee akikusimulia 1971, msikilize hadi mwisho, atakupa na nafasi ya kukaa. Na mechi ikiisha usikimbilie gari. Baki uone mashabiki wakiwapigia makofi wapinzani wanapoingia handakini, hata waliotufunga. Hilo limedumu kwa makocha wote niliowataja.